Mrejesho: vitamini C kupungua bila kimeng'enya

Wakuu, niliuliza kwa nini vitamini C inashuka hata kwenye kipimo kisichotiwa askobeti oksidesi, kimeng'enya kinachooksidisha vitamini C, yaani kuiharibu kwa msaada wa oksijeni. Aliyenijibu kuwa chanzo ni shaba alipatia: chembe za shaba kwenye maji huioksidisha zenyewe. Dawa yake ni maji yaliyokenekwa, bafa (myeyusho unaotuliza pH) ya fosfeti ya pH 5.6 na EDTA milimola 0.5 kwa lita. EDTA inakamata shaba huru. Shaba iliyofungwa ndani ya kimeng'enya haiguswi, kwa hiyo kimeng'enya kinaendelea na kazi.

Kimeng'enya chenyewe kinatoka kwenye maganda ya matango ya soko la Mwanjelwa, Mbeya, yasagwe kwenye bafa baridi, chombo kikiwa juu ya barafu. Nyama ya ndani ina kidogo kuliko maganda.

Vitamini C iliyobaki isome kwa spektrofotomita (mashine ya kupima mwanga unaomezwa) kwenye nanomita 265, kwa kyuveti (kichupa cha kupimia) ya kwatzi. Ya plastiki ya kawaida inameza mwanga huo, utahangaika bure. Vitamini C ichanganywe siku hiyohiyo.