Kaunti ya Mombasa itunge sheria yake ya vepu (sigara za kielektroniki) na sigara hadharani, au tungoje serikali kuu Nairobi?

Mama wa Tudor:
Jamani, jambo hili linaniuma. Pita bustani ya Mama Ngina jioni yoyote, au ufuo wa Pirates wikendi, utaona watoto wa shule, wengine bado wana sare, vepu zimening'inia shingoni na moshi wa harufu ya embe unafuka. Ukimkanya anakujibu, "Hii si sigara." Na kisheria ana pa kushikilia, kwa sababu Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 iliandikwa kwa ajili ya tumbaku, na nyingi ya hizi ni nikotini na manukato tu. Mswada wa Seneta Catherine Mumma wa kuziba pengo hilo uliingia Seneti 2024. Swali langu ni kwa nini tungoje. Jedwali la Nne la Katiba limewapa kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa, kero za umma na dawa za kulevya. Bunge letu la kaunti lina kalamu. Liandike.

Kijana wa Bombolulu:
Mama, kwa heshima zote, mimi ni mtu mzima na navuta vepu. Ndiyo iliyonitoa kwenye sigara. Mtoto wa shule asiuziwe, hapo niko nawe. Lakini kaunti iliyoshindwa na muguka, ile miraa ya majani ya kutafuna, itaweza vepu? Wamalize kwanza yale majani yaliyoharibu vijana mtaani. Hii sheria mpya itakuwa njia ya askari wa kaunti kupata chai.

Mkulima wa Siakago:
"Yale majani." Ndugu, yale majani ndiyo yaliyonilipia karo mpaka nikamaliza kidato cha nne, na leo yanawalipia wanangu. Huku Mbeere, Embu, mvua haitoshi mahindi. Muguka unastahimili. Serikali yenyewe imeutambua katika kanuni za miraa za 2023. Sasa mtu anakaa ufuoni na moshi wake wa embe uliotoka ng'ambo, halafu zao la mkulima wa Kenya ndilo analoliita uharibifu. Mnatuchukia sisi watu wa bara, semeni tu.

Bint Kisauni:
Hakuna aliyetaja bara hapa, usitupakazie. Nimezaliwa Kisauni na nimezeekea Kisauni. Kaka yangu mdogo alikuwa fundi wa umeme mwenye mikono ya ajabu, leo anakaa maskani tangu alasiri mpaka adhana ya alfajiri, halali usingizi, haoni haya kuuza sufuria ya mama. Wewe karo yako imelipwa. Ya wanawe nani atalipa? Gavana wetu Abdulswamad alipotoa amri ya kupiga marufuku muguka Mei 2024 nililia kwa furaha. Kilifi na Taita Taveta wakafuata. Halafu Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha amri mwezi huo huo. Ya Embu! Kilio kiko Pwani, shauri linasikizwa shambani kwa mwenye zao.

Mkulima wa Siakago:
Pole kwa kaka yako, nasema kwa moyo. Lakini jaji ni jaji wa Kenya, hakuwekwa pale na wakulima. Na Waingereza walipopiga marufuku miraa 2014, wenzetu wa Meru walilia, serikali nzima ikaenda kuwatetea. Sisi tukifungiwa soko na Wakenya wenzetu, mnashangilia.

Dereva wa Likoni:
Tumeshaanza. Swali lilikuwa vepu.

Bint Kisauni:
Swali ni watoto wetu. Kama wewe unaona ni mambo mawili, mimi naona moja.

Kijana wa Bombolulu:
Mnaona? Amri haifanyi kazi. Hata shisha, Waziri Matiang'i aliipiga marufuku, nani ameacha? Ingia kumbi za Nyali usiku.

Msomi wa Sheria, Ganjoni:
Hakuwa Matiang'i. Alikuwa Waziri wa Afya Cleopa Mailu, Desemba 2017. Na iliyokwama haikuwa nia, zilikwama taratibu. Mahakama Kuu 2018 iliziacha kanuni zile zisimame lakini ikataka wizara ikazirekebishe, zipelekwe Bungeni inavyotakiwa. Hawakufanya. Januari 2024 hakimu wa Shanzu, hapa hapa kwetu, akawaachilia watu 48 walioshtakiwa kwa shisha, akasema marufuku haina msingi wa kisheria. Watu walisoma kwamba shisha imehalalishwa. Kumbe mtu ofisini hakukamilisha karatasi zake. Linganisheni na muguka: amri ya mtu mmoja, haikupitia bunge la kaunti, wananchi hawakusikizwa. Ndiyo maana ilikuwa rahisi kuisimamisha. Mama wa Tudor anaomba kitu tofauti kabisa, anaomba sheria iliyojadiliwa na kupigiwa kura.

Kijana wa Bombolulu:
Waziri yupi si hoja. Hoja ni kwamba bado inavutwa.

Mzee wa Kizingo:
Vijana, kaunti kutangulia si jambo geni. Baraza la Jiji la Nairobi lilikataza sigara hadharani 2007 kwa sheria ndogo zake, kabla sheria ya taifa haijaanza kazi 2008. Watu walicheka hivi hivi. Mimi nilikuwa nasafiri Nairobi kwa basi la usiku enzi hizo, mtu anawasha sigara vioo vimefungwa, mtoto mchanga anakohoa mpaka Mtito Andei, na hakuna wa kumwambia kitu. Leo ukiwasha ndani ya basi abiria watakushusha wenyewe. Hakuna askari pale. Watu walizoea haki yao ya kuvuta hewa, wakaishikilia.

Dereva wa Likoni:
Mzee shikamoo. Basi ni kweli. Lakini niambie nani hukamatwa barabarani. Sheria ile ya 2007 faini yake ni hadi shilingi 50,000 au miezi 6 ndani. Makanga wangu alishikwa kwa nusu sigara nyuma ya stejini, akazungushwa ndani ya gari la kaunti mpaka jioni, akatoka mfuko mtupu na hakuona hakimu wala risiti. Mtalii na bosi wana kona yao hotelini, na kiti cha kukalia. Stejini hakuna sehemu iliyotengwa hata moja. Unamkataza mtu avute hapa bila kumwonyesha pa kuvutia, basi umemtengea mtego tu.

Mama wa Tudor:
Dereva, hilo nalikubali, na liandikwe humo humo: sehemu zitengwe kwanza, ndipo faini ianze. Faini iwe ndogo, ilipwe kwa simu, askari asishike pesa. Lakini mimi sikuanza na mvutaji wa stejini. Nilianza na anayeuza. Sheria ya taifa inakataza kuuza sigara moja moja na kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na kila kibanda jirani na shule kinauza moja moja. Kaunti ndiyo inayotoa leseni ya biashara. Duka la vepu lililo karibu na lango la shule, leseni yake imetiwa muhuri na nani? Hapo ndipo kaunti ina nguvu ambayo Nairobi hawana, na hamjanijibu hata mmoja.

Mkulima wa Siakago:
Mama, leseni hiyo hiyo ndiyo mliyotunyima sisi.

Bint Kisauni:
Na tutawanyima tena.

Kijana wa Bombolulu:
Leseni sina ugomvi nayo. Uganda wao walikata moja kwa moja, sheria yao ya 2015 imepiga marufuku vepu na shisha zote pamoja. Mkifika huko nitarudi kwenye sigara, na moshi huo ndio utakaowafikia watoto wenu.

Bint Kisauni:
Yaani unatutisha na mapafu yako?

Msomi wa Sheria, Ganjoni:
Dada, taratibu. Siakago, nakuuliza wewe kwa dhati: sheria ya kaunti ikisema hakuna muguka, hakuna vepu, hakuna sigara kuuzwa jirani na shule wala kwa mtoto, na ikapita bungeni baada ya wananchi kusikizwa kama Kifungu cha 196 kinavyotaka, wewe utakwenda mahakamani?

Mkulima wa Siakago:
Kwa mtoto, hapana. Sijawahi kutaka mtoto atafune. Kwa jirani na shule, nitauliza ni mita ngapi, kwa sababu Mombasa shule ziko kila kona na nyinyi mnaweza kuchora duara likameza mji wote. Na nitakuja kwenye hicho kikao, nisemewe na mdomo wangu.

Bint Kisauni:
Njoo. Mimi nitamleta kaka yangu, akae kiti cha mbele yako.

Mkulima wa Siakago:
Mlete. Nitamsalimu.

Dereva wa Likoni:
Kikao kifanyike jioni basi, sisi wengine mchana tuko barabarani. Mama, diwani wako umempigia?

Mama wa Tudor:
Nimempigia. Anasema nilete barua yenye sahihi za wazazi. Naanza na shule mbili za Tudor. Anayetaka kutia sahihi aniandikie hapa, na Siakago naye nitampa nakala.