Spika zihame, Bibi asihame

Kikundi: Nyumba ya Mkunazini

IJUMAA

20:47 Zuwena: Assalaam alaykum jamaa wa nyumba. Kaseti za marehemu Babu zimeshatiwa kwenye simu, zote saba, alhamdulillah. Leo baada ya Isha tumepiga ukumbini ile ya harusi ya 1988, aliyopiga fidla Babu. Sote tumefurahi isipokuwa Bibi. Kasikiliza nyimbo nzima kimya, kisha kauliza: "Na fidla yake iko wapi? Mimi nasikia ngoma ya dumbak tu."

20:49 Shangazi Rukia: Waalaykum salaam. Maskini mama. Masikio yameanza kuwa mazito?

20:50 Zuwena: La, Shangazi. Mtu akipanda ngazi Bibi anamjua kwa nyayo kabla hajapiga hodi. Na mimi nilikaa kati, fidla nimeisikia vizuri kabisa.

20:53 Khalfan: Bibi alikaa wapi, na spika ziko wapi? Piga picha.

20:58 Zuwena: 📷
Bibi pahala pake pale pale, godoro la karibu na dirisha, ukuta wa kushoto. Spika zimesukumwa mpaka kwenye pembe za ukuta wa dirisha, moja huku moja huku.

21:01 Khalfan: Basi masikio ya Bibi hayana kosa lolote. Kaseti ile ilirikodiwa kwa maikrofoni mbili. Dumbak na rika, ile tari ndogo, zimeangukia spika ya kushoto, fidla na kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, ziko ya kulia. Na Bibi kakaa ubavuni mwa spika ya kushoto. Chukua futi, pima kutoka sikioni mwake mpaka kila spika.

21:10 Zuwena: Kushoto mita 1.3. Kulia mita 2.9.

21:17 Khalfan: Tofauti mita 1.6. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kwenye joto letu inazidi kidogo. Kwa hiyo ya kushoto inamfikia Bibi mapema kwa sehemu 4 au 5 kati ya 1000 za sekunde. Ni kitambo kidogo sana, lakini sikio linakihesabu. Mjerumani mmoja, Helmut Haas, aliyachunguza haya mwaka 1949: sauti ile ile ikitoka pande mbili, sikio linaifuata iliyotangulia na kuona yote inatoka huko. Zaidi ya hapo, spika ya karibu ina nguvu kuliko ya mbali. Kilichomo kote kote, kama sauti ya mwimbaji, Bibi anakisikia kinatoka kushoto. Na kilichomo kulia peke yake, yaani fidla ya Babu, kinafunikwa na ngoma.

21:19 Mundhir: Si muongeze ya kulia tu? Ile batani ya balansi ipo.

21:22 Khalfan: Ipo, lakini itamfaa Bibi peke yake. Shangazi akikaa kochi la upande wa pili itampasua masikio, na dumbak haitasikika tena. Ukirekebisha kwa kiti kimoja unaharibu vyengine vyote. Na ukumbi ule Jumamosi hukai watu chini ya kumi.

21:23 Mundhir: Au Bibi anunuliwe hedifoni nzuri. Nitachangia.

21:25 Shangazi Rukia: Mungu akubariki mwanangu, lakini taarab husikilizi umejifungia masikio. Mama akisikia pahala pazuri anamshika mkono aliye karibu yake. Hivyo ndivyo anavyosikiliza tangu mimi mdogo.

21:40 Ami Haji: Waalaykum salaam watoto. Huku Wete, Pemba, umeme ulikata, ndio kwanza nimesoma. Khalfan kasema kweli. Miaka yangu yote ya ufundi wa redio nimeona watu wanapanga spika kama wanapanga vyungu vya maua, wapi zitapendeza, hawajiulizi nani atakaa wapi. Ule mpango wa pembetatu ya pande sawa, spika mbili na msikilizaji kila mmoja nyuzi 60, ni mzuri sana, lakini una ncha moja tu ya kukalia. Ni wa mtu mmoja.
Zuwena, amplifaya ina batani ya mono? Ukiibonyeza, spika zote mbili zinatoa kitu kimoja, na popote mtu alipokaa hakosi chombo. Kama haina, simu yenyewe inayo, tafuta kwenye mipangilio ya usikivu.

21:52 Zuwena: Imekubali Ami! Bibi kasema "ee, sasa namsikia, lakini wamembana".

21:55 Ami Haji: Kasema sawasawa. Mono inawaweka wapigaji wote kwenye tundu moja. Kwa santuri za zamani hamna hasara: Siti binti Saad alipokwenda Bombay 1928 kurikodi, sauti ilikuwa moja tu. Santuri za stereo, zenye sauti ya pande mbili, zimeingia madukani 1958. Zile za zamani zipigeni mono, mtapata kila kitu kilichomo. Lakini ya harusi ina pande mbili. Nataka mama amsikie mzee pahala alipokaa siku ile.

21:57 Shangazi Rukia: Basi Bibi ahamie kochi la kati.

21:58 Zuwena: Shangazi, nimeshamwambia mara mbili. Kasema upepo wake uko pale, na pale ndipo alipokuwa akikaa Babu akirudi mazoezini. Sitomwambia mara ya tatu.

22:04 Ami Haji: Na usimwambie. Bi Mkubwa hahami. Spika ndizo zihame.

22:06 Khalfan: Ami! Ukuta wa mlangoni!

22:07 Ami Haji: Huo huo.

22:15 Khalfan: Sikilizeni. Ukumbi ni mita 6.2 kwa 3.2, mwembamba kama kumbi zote za Mji Mkongwe, boriti za dari ndizo zilizoamua upana. Spika zikenda ukuta wa mlangoni, Bibi anakuwa nyuma badala ya kuwa mbele. Nimepiga hesabu: atakuwa mita 4.1 kutoka spika moja na 4.7 kutoka ya pili. Tofauti inashuka kutoka mita 1.6 mpaka sentimita 60, na yeye hajainua hata mto. Ukikaa mbali kidogo, masafa ya spika mbili yanakaribiana kwa kila mtu, si kwa Bibi tu.

22:18 Mundhir: Lakini ukikaa mbali si ndio mwangwi unazidi? Ukumbi ule ukipiga chafya unaitikiwa.

22:24 Khalfan: Umesema kweli, hapo ndipo penye gharama yake. Kuta za mawe na chokaa hazimezi sauti, zinairudisha. Zulia la chumba cha wageni litandikwe kati ya spika na watu, mito yote itolewe, pazia zito la dirisha lifungwe nusu, Bibi abakishiwe upepo wake. Kanga kutundika ukutani haisaidii, ni nyepesi mno. Blanketi nzito ndiyo. Na watu wenyewe wakijaa ukumbini wanameza sauti.

JUMAMOSI

16:32 Zuwena: Tumeshahamisha. Khalfan yuko hapa kapiga magoti na kamba ya kuanikia nguo. Spika ziko mita 2.2 baina yake, nusu mita kutoka kila ukuta wa ubavuni, sentimita 60 kutoka ukuta wa nyuma. Ule mngurumo wa besi umeondoka papo hapo, kumbe pembe ndizo zilizokuwa zinaunguruma.
Tumeziinua juu ya stuli. Aliyekaa kwenye mkeka sikio lake liko kama sentimita 75 kutoka sakafuni, aliyekaa kwenye kochi kama mita moja. Khalfan kachukua kati, kile kispika kidogo cha juu kiko sentimita 90.

16:35 Shangazi Rukia: Waya zisipite chini ya zulia mlangoni, mtu atajikwaa.

16:36 Zuwena: Zimepita ukutani, Shangazi, nimezishikiza.

16:51 Zuwena: Ami, kuna kitu hakiko sawa. Mwimbaji hana pahala. Yuko kila upande na hayuko popote, kichwa kinanizunguka. Na besi imekonda kabisa.

16:53 Ami Haji: Waya za spika moja zimegeuka. Tazama nyuma, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Spika moja inasukuma wakati mwenzake inavuta, ndiyo besi inakufa.

16:58 Zuwena: Kweli! Ya kulia. Tumegeuza, mwimbaji karudi katikati kasimama.

17:01 Ami Haji: Sasa la mwisho, na ndilo kubwa. Mmezielekeza wapi?

17:02 Zuwena: Zinatazama mbele moja kwa moja.

17:09 Ami Haji: Zigeuze ndani, tena zaidi ya unavyodhani. Mkitazama mlangoni, ukuta wa Bi Mkubwa sasa ni wa kulia. Basi spika ya kushoto imtazame yeye usoni. Ya kulia imtazame aliyekaa mwisho wa ukuta wa kushoto. Mielekeo yao ikatizane mbele ya watu wa kati. Sauti nyembamba, na fidla ndiyo hizo, zinakwenda kwa mwelekeo kama mwanga wa tochi, besi inatapakaa. Aliyekaa karibu na spika moja inampita ubavuni, na ile ya mbali inamjia uso kwa uso. Iliyo karibu inapungua makali, ya mbali inapata nguvu, zinakutana. Hakuna kiti kitakachopata ukamilifu wa ile ncha ya pembetatu, lakini hakuna kitakachonyimwa.

17:13 Khalfan: Na makochi tumeyavuta kiganja na nusu kutoka ukutani, ukiegemeza kisogo ukutani besi inajaa kichwani.

17:40 Zuwena: Tunazunguka kiti hadi kiti. Kochi la kushoto: fidla ipo, kulia kidogo. Mkeka wa kati: pazuri mno. Mwisho karibu na dirisha: mwangwi upo kidogo, lakini vyombo vyote nimevihesabu, kanuni, fidla mbili, akodiani, besi, dumbak, rika.

17:41 Shangazi Rukia: Na mama?

17:42 Zuwena: Anasali Alasiri, alilala kidogo. Akimaliza tu.

18:05 Zuwena: 🎤
Naandika pia kwa ajili ya Ami, mtandao wa Wete haufungui sauti. Bibi kakaa pahala pake, kageuza mto tu. Tumepiga ile ya harusi. Mwanzo kimya. Fidla ilipoingia kauinua mkono hivi, tukanyamaza sote. Kasema: "Yule pale, upande wa kabati. Ndipo alipokaa siku ile, upande ambao wanawake wangeweza kumwona." Kisha karibu na mwisho kacheka. "Hapo kateleza kidole. Usiku ule aliniambia, kuna pahala nimeteleza, umesikia? Nikamwambia sikusikia. Leo nimesikia."

18:06 Shangazi Rukia: Ya Rabbi. Namlilia baba.

18:09 Ami Haji: Mungu amrehemu. Dakika ya ngapi?

18:10 Zuwena: Ya 6 na sekunde kama 20. Kateleza kweli, Ami, kidogo sana. Mimi nimekaa kati jana na sikukigundua.

18:12 Mundhir: Bibi kamshika nani mkono?

18:12 Zuwena: Khalfan.

18:20 Ami Haji: Jumamosi ijayo nakuja na boti ya asubuhi inshaallah. Msiguse kitu. Wekeni chaki chini ya miguu ya stuli, wafagiaji wasije wakazisogeza.

18:22 Zuwena: Tumeshaweka, Ami. Na wewe nimekupimia, kochi la kushoto, la pili kutoka dirishani. Bibi anataka nyimbo irudishwe, nawaacha.