Zawadi ya Krismasi kwa mtoto wa miezi saba: tedi, woka au kitu gani?

Mjomba Mpya:
Wakuu habari za saizi. Dada yangu amejaliwa mtoto wa kiume, ndo wa kwanza kwake na wa kwanza kwenye familia nzima, kwa hiyo mnaweza kupata picha kila mtu amepagawa. Dogo saivi ana miezi mitano, Krismasi ikifika atakuwa na saba hivi. Mi ndo mjomba mwenyewe, sina mtoto, sijawahi hata kumbadilisha mtu pampasi, ila nataka nipeleke zawadi ya maana, sio ile unapewa "asante mjomba" alafu inapandishwa juu ya kabati inakula vumbi mpaka mtoto anaanza shule.

Nimezunguka madukani nimebaki na vitu vitatu kichwani. Kuna tedi moja kubwa, ukiiweka kwenye kochi inakaa kama mgeni aliyekuja kudai. Kuna woka, ile ya magurudumu mtoto anatumbukizwa katikati. Alafu kuna simu ya kuchezea inawaka taa na kuimba ukibonyeza. Moyo uko kwenye tedi kwa sababu ya picha, ila nimeona niulize kwanza wenye uzoefu. Wazazi na mashangazi mliomo humu nipeni muongozo, matusi hapana.

Kobe Mzee:
Mtoto wa miezi saba Krismasi anaijulia wapi mkuu? Utamnunulia lidoli la gharama, yeye ahangaike na karatasi uliyofungia. Mpe dada yako hela, anajua mwenyewe mwanae kapungukiwa nini.

Mjomba Mpya:
@Kobe Mzee hela ya dada ipo pembeni mzee wangu, hiyo haina mjadala. Nataka kitu ambacho dogo atakishika kwa mkono wake.

Mama Mapacha:
Mdogo wangu hongera kwa ujomba. Kabla hujawaza duka, waza mtoto wa miezi saba anafanya nini siku nzima. Anakaa, au ndo anajifunza kukaa, anadondoka pembeni anainuliwa. Kitu anakikwapua kwa kiganja kizima maana ule ufundi wa kuokota punje kwa vidole viwili bado, huo unakuja kwenye miezi tisa hivi. Akishakikamata kinaenda mdomoni, kinatoka kina mate, anakihamishia mkono wa pili, anakitazama, kinarudi mdomoni, akichoka anakigonga chini asikie kinalia vipi. Sasa zawadi nzuri ni ile inayostahimili hiyo shughuli: nyepesi, vidole vyake vinaweza kuizunguka, inaoshwa na sabuni, haina kitu cha kung'oka.

Mi nikiambiwa nichague kimoja tu nachukua vile vikombe vya plastiki vinavyoingiana, kikubwa mpaka kidogo. Utaona zawadi ya kinyonge ila sikiliza. Mwanzo atavitafuna na kuvigonganisha basi. Akifika miezi minane tisa unaficha kitu chini ya kikombe anafunua kukitafuta, maana umri huo ndo anaanza kuelewa kwamba kitu kikifichwa bado kipo, kabla ya hapo kikipotea machoni kwake ndo kimeisha. Akifika mwaka anatumbukiza na kutoa, mbele kidogo anapanga mnara na kuubomoa, na kwenye beseni la kuogea anachotea maji. Wangu walivitumia mpaka wakawa wanavigombania, ikabidi ninunue seti ya pili.

Binti Alfajiri:
Tedi mi naipinga. Mtoto wa chini ya mwaka, madaktari wa watoto wanasema anapolala pawe patupu, godoro gumu na shuka lililobana vizuri, hakuna mto, hakuna midoli ya manyoya, hakuna blanketi la kujikunjakunja, kwa sababu kitu laini kikimfunika pua hana uwezo wa kujinasua. Sasa hilo litedi unadhani litakaa wapi? Siku ya kwanza litapigwa picha, siku ya pili mtu ataliweka kwenye kitanda cha mtoto kwa sababu ndo linapopendeza. Na yale macho ya vifungo yavute ukiwa dukani uone yanavyolegea. Kama roho inakuuma kabisa kwa tedi basi iwe ndogo, macho yametariziwa kwa uzi, na kazi yake iwe mchana mtu mzima akiwepo.

Shangazi wa Wote:
Mnamtisha kijana wa watu. Chukua woka mwanangu. Watoto wangu wote wamepita kwenye woka na wanatembea vizuri tu, mama anapata nafasi hata ya kufua huku mtoto anazunguka mwenyewe. Siku hizi kila kitu cha zamani kibaya.

Mama Mapacha:
Shangazi shikamoo. Kwa heshima zote hapo kwenye woka nakukatalia. Kanada walishapiga marufuku kuziuza na kuziingiza nchini kwao tangu 2004, na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani nacho kinataka kwao zipigwe marufuku. Tatizo ni mwendo, mtoto kwenye woka anaenda kama mita moja kwa sekunde moja, we ukigeuka kufunga bomba yeye keshafika kwenye ngazi au keshavuta kitambaa cha meza na chai ya moto juu yake. Wengi wanaumia mtu mzima yupo palepale anaangalia. Na hiyo kwamba inamuwahisha kutembea sio kweli, inaweza hata kumchelewesha, kwa sababu anasukuma na ncha za vidole huku kakalia kiti, hajifunzi kubeba uzito wake mwenyewe.

Shangazi wa Wote:
Marahaba. Mi kwangu ngazi hazikuwepo na mtu wa kumwangalia alikuwepo, ila sibishani. Basi mnunulie mkeka mnene wa kuchezea, maana mtoto wa miezi saba maisha yake yote yapo sakafuni na hapo ndo anajifunzia kutambaa. Achukue wa kipande kimoja. Ile ya vipande vya sponji vyenye herufi zinazotoka, mtoto anazing'ata anamega.

Fundi Kimya:
Nije kwenye hiyo simu ya kuimba maana vitu vya betri ndo vinanilisha. Igeuze nyuma. Kama kifuniko cha betri kimeshikiliwa na kibanio cha plastiki tu, kile cha kusukuma na kidole gumba, irudishe kwenye shelfu bila kujiuliza. Inatakiwa iwe na skrubu. Vingi vinavyoletwa mezani kwangu hiyo skrubu haipo, au ipo ila imeshakula nyuzi, inazunguka tu haikazi, kitu kikidondoka mara moja kifuniko kinaruka huku na betri inabingirika kule. Mbaya zaidi ni zile betri bapa za mviringo kama za saa. Mtoto akimeza ikanasa kwenye njia ya chakula inaunguza nyama za ndani, masaa mawili tu yanatosha kuleta madhara makubwa, na mwanzoni anaweza asionyeshe kitu zaidi ya udenda mwingi na kukataa kula. Ukihisi tu kameza unakimbia naye hospitali, huo sio wakati wa kusubiri atoe choo.

Sumaku ndogondogo nazo hivyohivyo, zikimezwa mbili zinavutana kutoka sehemu tofauti za utumbo zinautoboa. Na suala la kelele, washa hiyo simu uiweke sikioni kwako, sio kuishika kwa mbali, maana mikono ya mtoto ni mifupi kila anachoshika kipo karibu na sikio lake. Ikikuumiza wewe yeye itamuumiza zaidi.

Dogo Kitaani:
Kwani akipewa kitableti cha katuni kuna ubaya? Anatulia na mama anapumzika.

Kalamu Nyeusi:
@Dogo Kitaani mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema chini ya mwaka mmoja skrini haishauriwi kabisa, kwa hiyo hiyo weka pembeni.

Mi nashangaa hakuna aliyetaja kitabu. Kuna vya kitambaa na vya kadibodi ngumu yenye pembe za mviringo, picha moja kubwa kwa ukurasa, mbwa, mpira, uso wa mtoto mwenzie. Najua mtasema hajui kusoma. Hajui, ila anasikiliza sauti, anatazama mdomo wako, na nyuso za watu ndo kitu anachokipenda kuliko vyote. Ataking'ata, ndo maana unanunua cha kufua. Raha yake ni kwamba mtu akikichukua lazima ambebe mtoto mapajani, hiyo tedi haikulazimishi hivyo.

Sindano na Uzi:
Nguo pia sio zawadi mbaya, tatizo ni kwamba kila mtu ananunua saizi ya leo. Dada yako saivi ana lundo la nguo za mtoto mchanga ambazo hazikuvaliwa hata mara mbili, muulize. Nunua ya mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu, na upige hesabu akifika huo umri itakuwa msimu wa joto au baridi, usije ukamnunulia sweta akalifikia jua likiwa kali. Angalia shingo inatanuka au ina vishikizo vya kubana begani, watoto hawapendi kabisa kuvutwa kichwa. Kofia yenye kamba za kuning'inia usichukue, na vishanga na vijiwe vya urembo vilivyogundishwa kwa gundi vyote vinabanduka.

Mjomba Mpya:
Aisee nawashukuru, mmenifungua macho. Tedi na woka nimeachana nazo. Vikombe na kitabu cha kitambaa nimevielewa, na nguo moja ya saizi ya mbele. Sasa maswali mawili. Kuna mtu kanishauri cheni ya shingoni ya zile shanga za kung'ata meno yakianza kuota, inafaa? Na hii kitu niifanye sapraizi au nimuulize dada kabisa?

Mama Mapacha:
Cheni hapana. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo 2018 kuhusu hizo cheni na bangili za meno baada ya kupokea taarifa za watoto kuumia, akiwemo aliyefariki kwa kunyongwa na cheni akiwa amelala. Ikikatika shanga zinaingia kooni, isipokatika inamkaba. Kama unataka cha meno chukua pete ya mpira mgumu, ipozwe kwenye friji, isigandishwe. Usichukue yenye maji ndani, meno yakitoka anaitoboa.

Kuhusu dada muulize bwana. Wewe sio peke yako unayewaza zawadi, bibi anawaza, shemeji upande wa pili wanawaza, na wote mtaibuka na kitu kilekile. Nakumbuka wangu walipewa mikeka mitatu.

Kobe Mzee:
Hapo naunga mkono. Na ukimuuliza usimuulize "nimletee nini" maana atakujibu usijisumbue kaka yangu. Mwambie nimeona hiki na hiki, kipi hamna? Atakujibu hapohapo.

Binti Alfajiri:
Mi niongeze, kama mnaishi karibu mpe na masaa. Jumamosi moja unakaa na dogo mama yake analala bila mtu kumgongea mlango. Nilipewa hiyo na wifi yangu, vitu vya dukani alivyoleta sivikumbuki.

Mjomba Mpya:
Nimempigia. Kasema vikombe hana, kitabu hana, nguo za saizi ya sasa nikileta ananirudisha nazo 😂. Na hiyo ya Jumamosi kaidaka kabla sijamaliza sentensi, sasa inabidi nijifunze pampasi. La mwisho, nikiwa dukani najuaje kwamba kitu ni cha umri wake kweli, maana muuzaji kila nikimuuliza anasema hiki kinafaa wote?

Fundi Kimya:
Usimsikilize muuzaji, soma boksi. Kuna alama ya duara lenye mstari wa kukata, ndani uso wa mtoto na namba 0-3, ukiiona hiyo maana yake hakifai aliye chini ya miaka mitatu, kina vipande vya kumezeka. Kisicho na boksi kipime na lile bomba la kadibodi linalobaki toilet pepa ikiisha, chochote kinachopita mle ndani kinaweza kumkaba. Vikombe vyako kile kidogo kabisa kijaribu kwa namna hiyo, kikipita kitoe kwenye seti ukiweke mpaka akue. Na uangalie chini kama vina tundu la hewa, kisije kikamng'ang'ania usoni.

Mama Mapacha:
Na ukishafungua pale kwao uondoke na mifuko ya plastiki, utepe na selotepu, usimuachie dada yako. Vikombe vioshe kwanza kabla ya kuvifunga, maana hatasubiri vioshwe.