Mkude, Chama, sasa Tshabalala: nani anashika kalenda ya mikataba pale Msimbazi?

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mtanisamehe nikiruka herufi. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa tetesi za usajili. Hizi si tetesi, hiki ni kilio.

2023, Jonas Mkude. 2024, Clatous Chama. 2025, Mohamed Hussein Tshabalala. Madirisha makubwa matatu ya usajili yamefuatana, na kila moja limetutolea mtu mmoja mzito, akavuka kutoka Msimbazi, Simba yetu, kwenda Jangwani kwa Yanga, mkataba umeisha, mkono mtupu. Hatukuuza. Hatukubadilishana. Hatukupata hata nauli ya bodaboda. Wahenga walisema aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sisi tumeumwa mara tatu na ung'ongo tumeufanya mkanda wa suruali.

Nianze na huyu wa mwisho maana ndiye bado anauma. Kijana alikuja 2014 kutoka Kagera Sugar, hajafikisha hata miaka kumi na minane. Amekaa miaka kumi na moja. Alikuwepo tulipokuwa hatuna timu, tulipokuwa tunamaliza ligi kwa kuhesabu vidole, na alikuwepo tulipobeba ubingwa mara nne mfululizo, 2018 hadi 2021. Makocha wamekuja, wamefukuzwa, wameletwa wengine, upande wa kushoto jina ni lilelile. Kisha akavaa kitambaa cha unahodha.

Sasa nirudisheni Mei 25, 2025, Amaan, Zanzibar. Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, marudiano na RS Berkane ya Morocco. Tumetoka kwao tumelala 2-0, tunahitaji muujiza, tunapata sare ya 1-1, watu wazima wanalia jukwaani. Jioni ile, fainali kubwa kuliko zote kwa kizazi changu, nahodha wa klabu alikuwa anacheza na mkataba unaoelekea ukingoni. Wiki chache umekwisha! Mimi kwenye duka langu la vipuri siwezi kumwachia fundi ninayemtegemea afike hapo bila kumwita nyuma ya kaunta tukazungumza. Fundi tu. Huyu ni nahodha wa Simba.

Na hapa naomba tuelewane, maana najua wapo watakaoanza na "msaliti, msaliti". Mimi sichomi jezi ya mtu. Mkataba ukiisha umeisha. Mchezaji ana mke, ana watoto, ana goti ambalo likikatika kesho hakuna mwanachama atakayemlipia karo. Akipata sehemu inayompa zaidi, aende. Kanuni ya FIFA inasema mchezaji akibakiza miezi sita kwenye mkataba ana ruhusa ya kuzungumza na kusaini na klabu nyingine. Anayemtaka anatakiwa tu kuiarifu klabu yake kwa barua. Kanuni hii haikutungwa jana usiku ili kuikomoa Simba. Ipo miaka na miaka, kila mtu wa mpira anaijua. Maana yake kama mkataba unaisha Juni, Januari mlango unafunguliwa. Na kama Januari mlango unafunguliwa, wewe mwenye mali unatakiwa uwe umemaliza mazungumzo mwaka mzima kabla yake, wakati bado una kitu mkononi: ama asaini upya, ama umweke sokoni akiwa na thamani.

Sisi tunafanya nini? Tunasubiri Juni. Juni ikifika tunaanza "mazungumzo yanaendelea vizuri". Mazungumzo gani, na mtu ambaye tangu Januari anapokea simu? Halafu Julai tunatengeneza bango zuri sana la Thank You, picha ya rangi nyeusi na nyeupe, maneno matamu, wimbo wa huzuni. Idara ya mabango haina mpinzani Afrika Mashariki na Kati. Laiti wao ndio wangepewa mikataba.

Chama je? Mwamba wa Lusaka. Mtu aliyetuvusha kwa kisigino dhidi ya Nkana Desemba 2018, akaja akatuvusha tena dakika za mwisho dhidi ya AS Vita Machi 2019 tukaingia robo fainali ya Afrika. 2021 tulimuuza kwa hao hao Berkane. Tukauza na Luis Miquissone kwa Al Ahly. Uliuma lakini ulikuwa uuzaji: mtu ana mkataba, mnunuzi anagonga hodi, mnakaa mezani, hela inaingia. Chama hata akarudi Januari 2022. Hiyo ndiyo kazi ninayoisema, kwamba tulishawahi kuijua! Sasa mtu huyohuyo, 2024, mkataba unaisha Juni 30, na Julai 1 wenzetu wanamtambulisha. Siku moja. Hata chai haijapoa.

Mtaniambia alikuwa na miaka 33. Sawa. Mtaniambia kule Jangwani kakaa msimu mmoja, kahamia Singida Black Stars. Sawa tena. Lakini katika msimu huo mmoja kabeba ubingwa na wao, na sisi tumekaa mwaka mzima tunatafuta mtu wa kupiga pasi ya mwisho. Kama mchezaji amezeeka, basi mwambie mapema, muage kwa heshima, na nafasi yake uwe umeshaiziba. Kuachana na mtu ni uamuzi. Kuachwa na kalenda huo si uamuzi, ni usingizi.

Mkude sitamsemea sana. Yule ni mtoto wa Simba B, amelelewa pale, na alipoondoka wengi tulijitia hatujali kwa sababu ya yale mambo yake ya nidhamu. Novemba 5 ya mwaka uleule, 2023, tukala zile bao tano za Yanga. Sisemi tulifungwa kwa sababu ya Mkude. Nasema tu nilikuwa uwanjani Kwa Mkapa, na niliona vizuri ni nani walikuwa wanacheka.

Halafu kuna hili neno "bure" linaloniudhi kuliko yote. Kila dirisha likifunguliwa utasikia: tumepata mashine, mchezaji huru, bure kabisa! Jamani hakuna mchezaji wa bure. Usipolipa klabu, unamlipa yeye dau la usajili, unamlipa wakala wake, na mshahara unapanda, kwa sababu anajua umeokoa ada ya uhamisho na anataka sehemu yake. Tena ana haki. Sasa piga hesabu ya akili ya kawaida: mtu uliyenaye, anayejua ligi, anayejua joto la Mwanza na matope ya viwanja vya mikoani, unashindwa kumwongeza. Unatoka kwenda kumlipa dau mtu mpya ambaye anahitaji miezi sita kuzoea ugali. Ile akiba iko wapi?

Na tusijifanye hatuujui mchezo huu, maana sisi wenyewe tumeula. 2017 tuliingia Chamazi kwa Azam tukatoka na John Bocco, Aishi Manula, Shomari Kapombe na Erasto Nyoni kwa mpigo. Nusu ya uti wa mgongo wa Azam. Wale ndio waliotubebea yale makombe manne. Watu wa Azam walilia, sisi tukawacheka, tukawaita wauza juisi. Leo Manula karudi Chamazi, Tshabalala kavuka barabara, na kicheko kimehamia nyumba ya jirani.

Mnajua kinachonikera zaidi? Jirani alijifunza. Wanajangwani walishaungua na Bernard Morrison 2020, alipohamia kwetu. Wao wakisema kasaini nyongeza ya miaka miwili, yeye anasema sijasaini, kesi ikaanzia TFF, shirikisho letu la soka, ikaenda hadi CAS, mahakama ya michezo ya kimataifa, na huko mwaka 2021 wakashindwa. Sisi tulikuwa tunaimba mitaani. Lakini angalia ilipofika zamu ya kiungo wao Fei Toto. Desemba 2022 kijana anaweka shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu, anasema nimevunja mkataba kwaheri. Wakamrudishia hela yake wakamwonyesha karatasi. Kamati ya TFF ikakaa, ikarudia kukaa, nchi nzima ikawa haina habari nyingine, mpaka Rais Samia akalisemea. Mwisho wa siku, Juni 2023, Fei hakutoka bure. Aliuzwa Azam. Mimi nilikuwa upande wa Fei katika ile vita na mpaka leo naona walimnyanyasa kijana. Ila kwenye suala la karatasi, wale watu walikuwa wameishika kwa mikono miwili.

Sisi karatasi zetu zinashikwa na nani? Hili ndilo swali, na sitaki jibu la "uongozi unafanya kazi usiku na mchana". Nataka kujua: yupo mtu mmoja, mwenye jina na kiti, ambaye kazi yake ni kuamka asubuhi akiwa na orodha ya wachezaji wote na tarehe za mikataba yao? Kama yupo, Januari zile tatu alikuwa wapi? Kama hayupo, msimlaumu kocha. Kocha anapewa wachezaji kumi wapya kila Julai, anaambiwa atengeneze timu, ikifika Desemba haijaungana tunamzomea. Misimu minne mfululizo, 2022 hadi 2025, ubingwa umekaa kule kule Jangwani, na kila mwaka sisi tunajenga upya. Nyumba inayojengwa upya kila mwaka ni kibanda.

Ombi langu kwa viongozi ni dogo. Mkimtambulisha mchezaji semeni ni miaka mingapi. Kwa wengi mnafanya siri utafikiri ni nywila ya benki. FIFA inaruhusu hadi miaka mitano, hakuna aliyewakataza kumpa kijana wa miaka 21 mkataba wa maana. Na anayebakiza mwaka mmoja na nusu tuambieni mmeshaanza kuzungumza naye au mmeamua aende. Wanachama tuna haki ya kujua tutavunjika moyo lini, angalau tujiandae.

NYONGEZA, saa nne usiku:

Naona watu wa kijani, mashabiki wa Yanga, mmejaa humu kama nzi kwenye embe. Karibuni. Lakini msicheke sana, Saido Ntibazonkiza mlimwona hafai 2022, akapita Geita Gold, akaja kwetu dirisha dogo, akamaliza ligi na mabao 17 sawasawa na Mayele wenu. Kila nyumba ina shimo lake. Letu ni kubwa tu.

Kuna ndugu kaandika kwamba "Tshabalala alishaisha". Ndugu yangu, Agosti 2, 2025 ulikuwa wapi? CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Taifa Stars na Burkina Faso, uwanja wa Mkapa, bao la pili kaweka nani? Mimi nilikuwa kwenye banda la video hapa Mbagala. Mpira ulipoingia niliruka kama wengine wote, nikamkumbatia mtu nisiyemjua, halafu nikakaa chini taratibu kama mtu aliyekumbuka kodi ya nyumba. Jamaa niliyemkumbatia ni shabiki wa Yanga. Akaniangalia, hakusema kitu, akaninunulia soda. Afadhali angenitukana.

Na wewe uliyeuliza "kwani wewe kama shabiki unapoteza nini?" Nakujibu. Mwaka jana mwanangu wa miaka saba nilimnunulia jezi, akataka jina la nahodha mgongoni, nikalipia na uchapaji. Juzi nimempeleka kwa fundi pale Tandika, anasema kubandua yale maandishi ni elfu tatu, lakini alama itabaki. Nikamuuliza mtoto, tuweke jina la nani? Akaniuliza, "Baba, yupi hataondoka?"

Nimesimama pale kwa fundi nimeshika jezi, nimekosa jina la kumtajia. Mwenye nalo aliandike hapa chini, na aweke na mwaka mkataba wake unapoisha.