Mafuta ya taa, petroli au kostiki soda: kipi bora kusafishia vyuma vya injini nyumbani?

Mzee_wa_Spana: Wakuu habari zenu. Nimefungua injini kuukuu, vyuma vimejaa grisi na oili iliyogandamana na vumbi hadi rangi yake haijulikani. Nataka kuvisafisha mwenyewe nyumbani. Nachagua kati ya mafuta ya taa, petroli na kostiki soda. Kipi kinatoa uchafu bila kunitoa jasho? Naanza kesho.

Oili Chafu: Vyuma gani? Hedi, kabureta, boksi la gia? Chuma au alumini? Mkuu, umekuja kama mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" halafu ananyamaza.

Bi Gereji: Mafuta ya taa, usihangaike. Kwangua kwanza tope kwa kijiti, maana bisibisi inachora alumini. Loweka usiku kucha, asubuhi piga brashi ya nailoni, kwenye vipenyo tumia mswaki. Malizia kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, kwa sababu mafuta ya taa yenyewe huacha utando.

kijana_turbo: Petroli ndiyo mpango mzima. Unapaka, unafuta, imeshakauka.

Oili Chafu: Imekauka kwa kuwa imegeuka mvuke, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Unatambaa sakafuni mpaka ukutane na jiko. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mafuta ya taa mpaka yafike kama nyuzi 38 hivi.

kijana_turbo: Mafundi wanatumia petroli miaka yote, mbona hawaungui?

Bi Gereji: Walioungua hawana muda wa kuja kubishana humu.

Fundi Mstaafu: Mnapigania petroli, kostiki mmeiruka! Nilipeleka silinda hedi ya alumini gereji moja wanioshee. Kijana akaitumbukiza kwenye pipa la kostiki ya moto, akaenda kula. Niliporudi pipa lilikuwa linachemka lenyewe, povu limemwagika hadi mlangoni. Ile ni hidrojeni inatoka, na pembeni kulikuwa na mtu anachomelea! Hedi ilitolewa nyeusi tii, uso wa gasketi una vishimo vishimo, nyuzi za tundu la plagi zimelika, plagi inacheza ndani. Wakaniambia "mzee, uchafu si umetoka?" Uchafu ulitoka kweli, na hedi ikaenda nao. Kostiki ni ya chuma cha pua ama chuma cha kawaida, tena kwa glavu na miwani. Alumini iepushe kabisa.

Mzee_wa_Spana: Duh. Kava la klachi nadhani ni alumini. Kabureta nayo imo, na beringi.

Oili Chafu: "Nadhani"? Weka sumaku. Isiponasa, kostiki ifunge kabatini.

Bi Gereji: Kabureta itoe kwanza ringi za mpira, zinavimba kwenye mafuta. Beringi zenye kifuniko usiloweke, grisi ya ndani itayeyuka na uchafu uingie mahali pake.

Mama Pistoni: Mimi ni dizeli tu. Inanuka, ila hainikaushi mikono.

kijana_turbo: Mafuta machafu yakibaki namwagia magugu ya uani. Yanakufa yote.

Mama Pistoni: Na kisima cha jirani je? Acha yatulie kwenye ndoo, uchafu ukae chini, mimina ya juu utumie tena. Tope lipeleke wanakokusanya oili chakavu.

kijana_turbo: Magugu yenyewe ni yangu.

Mama Pistoni: Maji ya chini ya ardhi hayajui mpaka wa uwanja wako.

Fundi Mstaafu: Tusisahau, silinda ya chuma ukiiosha kwa maji inashika kutu mbele ya macho yako. Ipulize kwa kompresa, ipake oili hapo hapo.

Mzee_wa_Spana: Sumaku sina. Spika iliyokufa inayo?

Oili Chafu: Inayo, nyuma kabisa. Ivunje. Na bado hujasema ni injini ya nini!