Sh100,000 za Juni 2008: hisa za Safaricom au hatifungani ya miaka 20?

Pwani_Hisa
Wakuu, tuweke hesabu mezani. Chukua Sh100,000 za Kenya, Juni 2008. Upande mmoja, hisa za Safaricom kwa bei ya mauzo ya kwanza, Sh5, yaani hisa 20,000. (Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo kama mara tano, wengi walipewa sehemu tu ya walichoomba. Tuseme huyu alizipata zote.) Upande wa pili, hatifungani ya serikali ya mwezi huohuo (yaani unaikopesha serikali kwa miaka 20), namba FXD1/2008/20, riba 13.75% kwa mwaka. Tunafunga mwisho wa 2024, hisa ikiwa karibu Sh17.

Magawio (faida wanayogawiwa wenye hisa) ya Safaricom ya miaka ya fedha 2009 hadi 2024, pamoja na yale maalumu ya 2016 (Sh0.68) na 2019 (Sh0.62), ni Sh14.08 kwa hisa. Toa kodi ya zuio 5%, mkononi zimeingia Sh267,520. Hisa zenyewe ni Sh340,000. Jumla Sh607,520.

Hatifungani: kodi 10%, zinabaki Sh6,187.50 kila miezi sita, mara 33, yaani Sh204,187. Mtaji unarudi 2028.

Nikigawa faida kwa miaka 16 na nusu, hisa inatoa zaidi ya 30% kwa mwaka, hatifungani kama 12%. Mbona watu bado wanakimbilia hatifungani?

Kikokotoo
Pwani_Hisa, tarakimu zako ni sahihi ila hapo mwisho kwenye kugawa ndipo umeteleza. Faida ya hisa imejikusanya, nyingine ni ya bei iliyopanda juu ya bei iliyokwisha kupanda. Ukiigawa sawasawa kwa miaka unaivimbisha. Ya hatifungani ilitolewa kila nusu mwaka ikaondoka, ndiyo maana kugawa hakuiharibu.

Fanya hivi kwenye jedwali la kompyuta. Safu ya kwanza tarehe, safu ya pili fedha. Mstari wa juu weka -100,000. Kila gawio liandike siku lililoingia benki, si siku lilipotangazwa, na liwe limeshatolewa kodi. Mstari wa mwisho weka thamani ya hisa, 340,000. Kisha tumia fomula ya XIRR, inayotafuta faida ya kila mwaka kwa kufuata tarehe za fedha. Utapata kati ya 14% na 15% kwa mwaka. Hatifungani kwa kipimo hichohicho ni 12.8% hivi.

Kwa hiyo pengo si pointi 18 za asilimia, ni karibu mbili. Na hii ndiyo hisa iliyofanya vizuri kuliko nyingi pale Nairobi! Mfumuko wa bei kipindi hicho ulikuwa wastani wa karibu 7%, kwa hiyo zote mbili ziliushinda.

Mama_Daftari
Kuna jambo ambalo jumla inalificha: fedha ziliingia lini. Hadi katikati ya 2015 hatifungani ilikuwa imelipa mara 14, Sh86,625. Hisa hadi hapo zilikuwa zimelipa Sh1.50 tu kwa kila moja, yaani Sh28,500 baada ya kodi. Na mwanzoni mwa 2009 bei ilishuka hadi kama nusu ya ile ya kununulia. Mwenye karo ya kulipa miaka ile asingengoja 2016. Angeuza, na hesabu yote hii isingemhusu.

Tumbatu77
Sawa, lakini mwisho wa 2024 gawio la Sh1.20 kwa aliyenunua kwa Sh5 lilikuwa 24% kwa mwaka. Hatifungani gani ilitoa hiyo?

Kikokotoo
Hiyo 24% haikusaidii kuamua lolote. Sh5 zilishapita. Ulichokuwa nacho mwisho wa 2024 ni kitu cha Sh17 kilichotoa Sh1.20, yaani 7%. Februari 2024, hisa ikiwa chini ya Sh15, gawio lilikuwa 8 hadi 9% kabla ya kodi, na Benki Kuu ikatoa hatifungani ya miundombinu kwa 18.46% bila kodi kabisa. Aliyejipima kwa 24% hakuona sababu ya kuhama.

Dalali_wa_Jioni
Mwanzo na mwisho wa hesabu vinabadilisha kila kitu. Ukifunga Agosti 2021 kwa Sh44, mtu wa 2008 ana karibu 22% kwa mwaka. Ukianza siku hiyohiyo kwa Sh44, hadi mwisho wa 2024 umepokea Sh3.79 za magawio na una hisa ya Sh17. Zaidi ya nusu imekwenda, na kampuni haikuacha kulipa hata mwaka mmoja. Gawio halikuwa kinga: kwa Sh44 lilikuwa 3% tu ya bei.

Halafu, kwa nini Safaricom? Kwa sababu tunajua ilifika. Mumias, kampuni ya sukari, iliuzwa kwa umma 2001, ikagawa faida miaka kadhaa, na 2019 ikawekwa chini ya msimamizi wa wadai. Kenya Power haikulipa gawio la hisa za kawaida kwa miaka kadhaa baada ya 2017, ikarudi 2024. Mwaka 2008 hakuna aliyeweza kukuonyesha kwa kidole ipi itakuwa ipi. Pointi mbili ndiyo malipo ya kubeba hatari hiyo, na ni kwa aliyebahatika.

Pwani_Hisa
Nimerudia kwa XIRR, imetoka 14.6. Nashukuru. Je, kama angenunua hisa zaidi kwa kila gawio?

Mama_Daftari
Ingepanda, hasa kwa magawio ya miaka ya mwanzo bei ikiwa Sh3 na Sh4. Ila hesabu gharama. Gawio la Sh24,000 likitolewa kodi ni Sh22,800. Kwa Sh17, ukiweka gharama za dalali na soko takriban 2%, unapata hisa 1,314, na kwa utaratibu wa zamani wa mafungu ya 100 ungeishia 1,300. Kwa mwenye hisa 500 gawio lilikuwa Sh570, halikufika hata fungu moja la hisa 100. Wakati huo ilikuwa afadhali akusanye ya miaka minne, anunue mara moja.

Na hakikisha taarifa za malipo kwenye akaunti yako ya CDS (akaunti ya kielektroniki inayotunza hisa zako) ni za sasa. Akaunti ya benki ikifungwa na namba ya simu ikabadilika, magawio yanalala, na mwishowe yanahamishiwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa. Kuyadai huko kunawezekana, ila unaanza na fomu, kitambulisho na uthibitisho wa umiliki, na kwa muda wote huo hayajakuzalishia senti.