Msaada: Tautuktavuk au Before Tomorrow kwa usiku wa filamu?

Nuru_Montreal: Habari zenu wakuu. Jumamosi tuna usiku wa filamu, tumekubaliana iwe kazi ya wanawake Wainuit, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Kanada. Nimebaki na mbili: Tautuktavuk (2023) na Before Tomorrow (2008). Leo jioni nalipia kibali cha kuonyesha. Nichukue ipi?

Bin_Shekhe: Mleta mada, watazamaji ni akina nani? Watoto watakuwepo? Maandishi ya chini mnataka Kifaransa au Kiingereza? Filamu zote mbili watu wanaongea Kiinuktitut, lugha ya Wainuit.

MamaKelvin: Tautuktavuk, usiulize mara mbili. Ndugu wawili, mmoja yuko Montreal, mwingine Igloolik, kijiji cha Wainuit kule Nunavut, kaskazini kabisa mwa Kanada, korona imefunga safari, wanaonana kwa simu ya video tu. Humo ndimo yule wa Montreal anapoanza kuyatoa ya moyoni, vipigo vya nyumbani na yote. Carol Kunnuk na Lucy Tulugarjuk wameongoza na kuigiza wenyewe.

Mzee_wa_Mikanda: Simu, simu, simu! Chukua Before Tomorrow. Bibi na mjukuu wanakwenda kisiwani kukausha samaki, wanarudi wanakuta kambi nzima imekufa kwa ugonjwa ulioletwa na wageni. Madeline Ivalu ndiye bibi, na yule mtoto ni mjukuu wake kweli.

Bin_Shekhe: Ivalu aliongoza pamoja na Marie-Hélène Cousineau, ambaye si Mwinuit.

Mzee_wa_Mikanda: Cousineau na akina mama wa Igloolik walianzisha Arnait, kikundi cha video cha wanawake, mwaka 1991. Moja ya video zao za mwanzo ni akina mama wakiwasha qulliq, taa ya mafuta ya sili (yule mnyama wa bahari ya baridi), basi. Unamtoaje humo?

Shangazi_Riziki: Nuru mwanangu, angalia ukumbi kwanza. Chama chetu kilionyesha filamu ya vipigo vya ndoa bila kumwambia mtu kitu. Skrini iliwekwa chini, vilemba vya mstari wa mbele vikafunika maandishi yote. Nyuma tukawa tunaulizana, "Amesema nini?" Mwenye macho akasoma kwa sauti, tena akifupisha. Ilipofika yule mume anafunga mlango, msomaji akanyamaza. Mama mmoja akatoka, tukamkuta kwenye ngazi ameshika viatu mkononi. Waandaaji walikuwa wanagawa sambusa.

Nuru_Montreal: Pole sana shangazi. Ni akina mama wa Goma na Bukavu, wengi wana ndugu walioachana nao njiani. Kifaransa. Watoto watakuja, hakuna wa kuwaachia.

MamaKelvin: Sasa ndiyo unasema watoto?!

Bin_Shekhe: Basi zote mbili weka kando. Tia and Piujuq (2018), ya Tulugarjuk huyohuyo: binti mkimbizi wa Syria hapo Montreal anapata rafiki Mwinuit.

MamaKelvin: Ya watoto hiyo. Akina mama watatoa lini ya moyoni?

Mzee_wa_Mikanda: Igloolik walipiga kura mara mbili miaka ya 1970 kukataa televisheni, kwa sababu haikuwa na Kiinuktitut. Sisi tulipokea kila kitu.

Bin_Shekhe: Wewe mwenyewe hukosi tamthilia za Kituruki.

Kaka_Jembe: Samahani, nje ya mada. Nyama ya sili hapo Montreal inapatikana?

Mzee_wa_Mikanda: Tazama Angry Inuk (2016) ya Alethea Arnaquq-Baril, uone marufuku ya Ulaya ya 2009 dhidi ya bidhaa za sili ilivyoua soko la ngozi.

Kaka_Jembe: Mimi nimeuliza nyama, mzee.